Sajili ya Hospitali Nje ya Darasa: Neno kama Sehemu ya Tiba

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la isimujamii katika shule za upili nchini Kenya anaikumbuka sajili ya hospitali. Hufunzwa sambamba na sajili za mahakamani, sokoni na ibadani, na sifa zake hukaririwa kwa ajili ya mtihani: msamiati maalumu, kuchanganya ndimi, maswali na majibu mengi, upole wa lugha, na tafsida pale panapotajwa sehemu za siri za mwili. Mtihani ukiisha, orodha hiyo huwekwa kando. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali ambalo lingepaswa kufuata: je, sifa hizo humfanyia nini mgonjwa? Humsaidia kupona au humkwamisha?

Makala haya yanalishughulikia swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba huduma ya mgonjwa hospitalini haiwezi kuboreshwa kwa dawa na mitambo pekee. Mgonjwa hupita mikononi mwa watu wengi, na kinachowaunganisha watu hao, na kuwaunganisha wao na mgonjwa, ni maneno. Muuguzi hampi mgonjwa dawa bila kuhakikisha jina la dawa, kipimo chake na jina la mgonjwa mwenyewe. Vivyo hivyo, neno linalotolewa hospitalini halipaswi kuachwa baada ya kutamkwa. Linapaswa kuthibitishwa kuwa limefika na limeeleweka kama lilivyokusudiwa. Kundi la wahudumu linalozingatia jambo hili huweza kumwepushia mgonjwa madhara mengi kwa gharama ndogo sana.

Mlolongo wa mazungumzo

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa katika ngazi sita, kuanzia huduma ya kijijini, kupitia zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti ndogo na za kaunti, hadi hospitali za rufaa za kitaifa. Hata katika kituo kidogo, mgonjwa mmoja huzungumza na watu kadhaa kwa siku moja. Karani humwandikisha. Muuguzi humpima joto, uzani na shinikizo la damu. Afisa wa kliniki au daktari humhoji na kumpima. Mtaalamu wa maabara huchukua damu au mkojo. Mfamasia humkabidhi dawa na maelekezo. Akilazwa, huwa chini ya wauguzi wanaopokezana zamu usiku na mchana.

Kila kituo katika safari hiyo ni mazungumzo, na kila mazungumzo huyategemea yaliyotangulia. Mgonjwa akimweleza muuguzi kuwa aliwahi kudhurika kwa sindano ya penisilini, na habari hiyo isifike kwa daktari, maneno yake yanakuwa yamepotea njiani. Daktari akiandika maelekezo sahihi, na mfamasia akayaeleza kwa namna inayoeleweka visivyo, ujuzi wa daktari unakuwa haukumfaa mgonjwa. Kwa hiyo, udhaifu katika kiungo kimoja cha mnyororo huu huudhoofisha mnyororo mzima.

Saa nane ni saa ngapi?

Chukua mfano wa mama ambaye mtoto wake amepatikana na malaria. Tangu mwaka 2006, vituo vya afya vya umma nchini Kenya vimekuwa vikitibu malaria isiyo kali kwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Dawa hii hutolewa mara sita kwa siku tatu: dozi ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Mama huyo anafika kwenye dirisha la dawa saa nne asubuhi. Mtoto anapewa dozi ya kwanza pale pale, na mama anaambiwa: "Baada ya saa nane umpe nyingine."

Sentensi hiyo haina kosa lolote la kisarufi, lakini ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba saa nane zihesabiwe kuanzia sasa, hivi kwamba dozi ya pili itolewe saa kumi na mbili jioni. Ya pili ni kwamba dozi itolewe pindi saa nane ya mchana inapopita. Mama akiishika maana ya pili, mtoto atapata dozi mbili katika nusu ya muda unaotakiwa. Mfamasia atakuwa amesema ukweli, na mama atakuwa ametii, lakini agizo litakuwa limevunjwa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema. Walimu wa sarufi hulikosoa umbo "masaa" kwa hoja kwamba nomino "saa" haibadiliki katika wingi. Hata hivyo, msemaji wa kawaida anayesema "baada ya masaa manane" huenda hakosei kwa uzembe. Anajaribu kutenganisha muda unaohesabika na wakati unaoonyeshwa na saa ya ukutani. Anatafuta njia ya kuondoa utata ambao umbo sanifu limeuacha. Uzuri ni kwamba Kiswahili sanifu nacho kina njia ya kuuondoa utata huo, nayo ni upatanisho wa kisarufi. "Ikifika saa nane" hutaja wakati, kwa kuwa kiambishi ni cha umoja. "Zikipita saa nane" hutaja muda, kwa kuwa kiambishi ni cha wingi. Lakini katika kelele za foleni, na mtoto akilia mgongoni, si haki kuiegemeza afya ya mtoto kwenye silabi moja. Njia salama zaidi ni kutaja wakati wenyewe: "Mpe nyingine leo saa kumi na mbili jioni, jua linapotua." Kisha mfamasia amwombe mama aeleze kwa maneno yake atakavyofanya akifika nyumbani.

Utata wa saa una sura nyingine. Mhudumu aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza huandika tarakimu 8 kwenye kadi ya miadi akikusudia asubuhi, saa mbili. Mgonjwa aliyezoea saa za Kiswahili huweza kuisoma kadi hiyo kuwa saa nane mchana, akafika kliniki inapofungwa. Wahudumu wakamwandika kuwa hajali miadi yake. Kumbe aliyekosea si mgonjwa wala mhudumu. Ni kwamba hesabu mbili za saa zilikutana kwenye kadi moja bila kutambulishana.

Maneno yanayofanana na maana zinazotofautiana

Mafunzo ya tiba nchini Kenya hutolewa kwa Kiingereza, ilhali sehemu kubwa ya mazungumzo na wagonjwa huendeshwa kwa Kiswahili au kwa lugha za kienyeji. Mhudumu hulazimika kutafsiri papo kwa papo, siku nzima, bila kuwahi kufunzwa kutafsiri. Matatizo yatokanayo na hali hiyo yanaweza kuonyeshwa kwa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni jibu la swali kanushi. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hutakiwa kukaa bila kula kwa muda uliowekwa, kwa kuwa chakula kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni anapokuwa amelala kwa nusukaputi. Muuguzi anauliza: "Hujala tangu usiku?" Mgonjwa anajibu: "Ndiyo." Katika mantiki ya Kiswahili, jibu hilo huthibitisha kauli iliyoulizwa: ndiyo, sijala. Katika mantiki ya Kiingereza, jibu kama hilo huweza kuchukuliwa kuwa mgonjwa amekula. Jambo hili huzidi kuwa gumu kwa sababu wazungumzaji wengi wa Kiswahili nchini Kenya wamezoea lugha zaidi ya moja, na si wote wanaojibu kwa mantiki ile ile. Dawa yake ni kuliacha swali kanushi na kuuliza: "Mara ya mwisho ulikula nini, na ilikuwa saa ngapi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

Mfano wa pili ni maneno "chanya" na "hasi". Katika matumizi ya kila siku, chanya ni jambo jema na hasi ni jambo baya: fikra chanya, athari hasi. Katika maabara mambo hupinduka. Matokeo chanya ya kipimo cha virusi vya UKIMWI ni habari nzito, na matokeo hasi ni habari ya faraja. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba "matokeo ni chanya" anaweza kutoka chumbani akiwa na furaha isiyo mahali pake. Ni bora zaidi kusema waziwazi kuwa virusi vimepatikana au havikupatikana katika damu, na kueleza hatua inayofuata.

Mfano wa tatu ni neno "presha". Neno hili hutumiwa kwa maana ya kipimo, na papo hapo kwa maana ya maradhi. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu, baada ya kumeza dawa kwa miezi kadhaa, anaambiwa: "Presha yako iko sawa." Mhudumu ametaja kipimo cha siku hiyo, lakini mgonjwa amesikia kwamba maradhi yamekwisha, na anaacha dawa. Kilichohitajika ni sentensi ndefu kidogo: "Presha yako iko sawa kwa sababu unameza dawa, ukiacha, itapanda tena hata kama hutahisi maumivu yoyote." Tofauti kati ya kupona na kudhibiti ni tofauti ya maana, lakini kwa mgonjwa huyu ni tofauti ya uhai, kwani shinikizo lisilodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kuu za kiharusi.

Mfano wa nne ni majina ya viungo na dalili. "Mkono" katika Kiswahili huweza kuanzia begani hadi ncha za vidole, na "mguu" huweza kuanzia nyongani hadi wayoni. "Tumbo" hujumuisha utumbo wenyewe, mfuko wa chakula na hata mji wa mimba. "Homa" kwa mzungumzaji mmoja ni joto la mwili, na kwa mwingine ni mafua. Hakuna ubaya katika maneno haya. Lugha zote zina namna zake za kuugawa mwili. Ubaya huja mhudumu anapoliandika neno la mgonjwa kwenye faili kwa Kiingereza kana kwamba lina maana moja tu. Kumwomba mgonjwa aonyeshe kwa kidole mahali panapouma huchukua nukta chache, na huokoa vipimo visivyohitajika.

Tafsida, heshima na jina la mgonjwa

Utamaduni wa Waswahili, kama tamaduni nyingi za Afrika Mashariki, huisitiri miili kwa maneno. Mwanamke hasemi anatokwa na damu ya hedhi, husema yuko mwezini. Mtu hutaja haja kubwa na haja ndogo. Mwanamume wa makamo anayesema "mgongo unanisumbua" mbele ya afisa wa kliniki msichana huenda analo jambo jingine ambalo hawezi kulitamka. Methali husema kuwa mficha uchi hazai, na nyingine kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini methali hizo zisiwe fimbo ya kumchapia mgonjwa. Ni wajibu wa wahudumu kumfungulia mlango. Hili linaweza kufanywa kwa kufunga pazia, kupunguza sauti, kumruhusu mgonjwa amchague mhudumu wa jinsia yake inapowezekana, na kuanza kwa kulitumia neno la mgonjwa mwenyewe kabla ya kulifafanua.

Hata hivyo, tafsida ina mipaka yake. Mhudumu anayesema "tutakufanyia usafi kidogo" akikusudia kukisafisha kizazi baada ya mimba kuharibika hajamwonea mgonjwa huruma, amemnyima habari. Kanuni inayofaa ni kuutumia upole kufungua mazungumzo, na uwazi kuyakamilisha.

Kuhusu heshima, jambo dogo lenye uzito ni jina. Wadini husikika maneno kama "kitanda cha saba" au "yule wa kisukari". Mwanafunzi wa fasihi ataitambua mbinu hiyo mara moja: sehemu ya mtu imesimama mahali pa mtu mzima. Katika ushairi mbinu hii hupamba. Wadini humfanya mgonjwa kuwa ugonjwa wake, na pia ni hatari kwa usalama, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha saba anaweza kuhamishwa na mwingine akalazwa hapo kabla dawa haijaletwa. Kumwita mzee "mzee" au "baba", na mama kwa jina lake au kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi, kisha kulilinganisha jina kamili na lililoandikwa kwenye faili, ni adabu na ni ukaguzi kwa wakati mmoja.

Wahudumu wanavyozungumza wao kwa wao

Mazungumzo kati ya wahudumu wenyewe yana uzito ule ule. Ushahidi unaofahamika sana unahusu chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya ngozi kupasuliwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Miongoni mwa vipengele hivyo, wahudumu hutajiana majina na majukumu yao, huthibitisha jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kupasuliwa, na mwishoni huhesabu vifaa na pamba. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, ikiwemo ya Ifakara nchini Tanzania. Matokeo ya jumla yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Linalostahili kuangaliwa na mwanaisimu ni kwamba orodha hiyo si mtambo wala dawa. Ni utaratibu wa kusema. Utafiti huo haukuweza kuonyesha ni kipengele kipi hasa kilicholeta nafuu, lakini ni vigumu kulipuuza jambo moja: muuguzi aliyekwisha kulitaja jina lake mbele ya wote, na kusikilizwa, huona wepesi zaidi kumwambia daktari mpasuaji kwamba jambo fulani haliendi sawa. Katika jamii inayoheshimu sana umri na cheo, wepesi huo hauji wenyewe. Huwekewa nafasi.

Nafasi nyingine muhimu ni makabidhiano. Upo mpangilio wa taarifa ulioanzia katika manowari za jeshi la majini la Marekani, kisha ukachukuliwa na hospitali. Una sehemu nne, ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa hali, usuli, tathmini na pendekezo. Linganisha kauli mbili za muuguzi anayempigia daktari simu usiku. Ya kwanza: "Daktari, yule mama wa kitanda cha nne hayuko vizuri." Ya pili: "Daktari, mama aliyejifungua saa tatu usiku anaendelea kutokwa na damu, amelowesha pedi mbili katika nusu saa. Huu ni uzazi wake wa tano, na alifika akiwa na upungufu wa damu. Naona anapoteza damu kupita kiasi, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Naomba uje sasa hivi, nami nawaarifu watu wa maabara waandae damu." Kauli ya kwanza humwachia daktari kazi ya kukisia, na huenda akaamua kungoja. Ya pili humweleza kilichopo, kilichotangulia, maana yake na kinachotakiwa. Kutokwa na damu baada ya kujifungua huweza kumuua mama katika muda mfupi, na muda huo haupaswi kutumiwa kuulizana maswali.

Somo la maneno matano kutoka Mbeya

Mfano mwingine unaowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja unapatikana Tanzania. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa katika hospitali nchini Sri Lanka. Mbinu hiyo ina hatua tano, na katika Kijapani majina yote huanza kwa sauti s: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Watanzania waliyatafutia maneno ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi iyo hiyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kusasambua ni kuondoa kisichohitajika, kuseti ni kukiweka kila kifaa mahali pake, kusafisha kunajieleza, kusanifisha ni kuwa na utaratibu mmoja kwa wote, kushikilia ni kuufanya utaratibu huo uwe desturi.

Waliofanya kazi hiyo wangeweza kuyaacha maneno ya Kijapani au ya Kiingereza yabaki ukutani. Badala yake walichagua maneno ambayo mhudumu, mfagiaji na mlinzi wa lango wote wanaweza kuyakariri na kuyatenda. Takriri ya sauti, ambayo mhakiki wa mashairi huihesabu miongoni mwa mapambo, hapa imefanywa chombo cha kukumbushia kazi. Faida yake kwa mgonjwa ni ya kimwili kabisa: kabati likisetiwa vizuri, dawa ya dharura hupatikana upesi, na faili halipotei.

Sheria inasemaje?

Nchini Kenya, kuelezwa kwa lugha inayoeleweka ni zaidi ya hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa; ibara ya 7 hukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, na kwamba anayo haki ya kukataa. Kifungu hicho huongeza kuwa maelezo hayo, inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu.

Ikiwa ndivyo, fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, ikawekwa alama ya dole gumba na mgonjwa asiyejua kilichomo, huitimiza sheria kwa wino tu. Idhini ni kuelewa na kukubali.

Mipaka ya hoja hii

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili si jibu la kila hali. Kenya ina lugha zaidi ya 40. Mzee anayezungumza Kiturkana pekee, akifikishwa katika hospitali ya rufaa mbali na kwao, hasaidiwi na ufasaha wa Kiswahili cha daktari. Mara nyingi mkalimani huwa ni jamaa, mfagiaji au mtoto wa mgonjwa. Mtoto wa miaka kumi hawezi kumtafsiria mamake maswali ya uzazi, wala haifai aombwe. Viziwi nao wanahitaji Lugha ya Ishara ya Kenya. Hospitali inaweza kuanza na hatua rahisi: kuandika orodha ya wahudumu wake na lugha wanazozijua, na kuibandika mahali ambapo kila zamu huiona. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua kazi ya zaidi ya 100,000 kati yao mwaka 2023, ni daraja jingine, kwa kuwa huishi na watu wanaowahudumia na huijua lugha ya nyumbani.

Aidha, maneno mazuri hayawezi kuziba pengo la dawa, glavu au vitanda. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na ule wa wauguzi uliofuata mwaka huo huo kwa takriban miezi mitano, ilionyesha kuwa mhudumu naye anahitaji kusikilizwa. Muuguzi mmoja anayewatunza wagonjwa wengi kupita kiasi hana pumzi ya kueleza jambo mara mbili. Lakini hoja ya uchache wa wakati huweza kugeuzwa. Dakika moja ya kumwomba mgonjwa arudie maelekezo ni fupi kuliko saa nzima atakayochukua akirudi juma lijalo akiwa na hali mbaya zaidi.

Nafasi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili

Kutokana na yaliyoelezwa, taaluma ya Kiswahili ina kazi inayoingojea. Kwanza, sajili ya hospitali ifundishwe kama uwanja wa utafiti, ambapo mwanafunzi huchunguza mahali maana inapopotea na sababu zake. Pili, msamiati upo: Kamusi ya Tiba ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Kinachokosekana ni daraja kati ya istilahi za kamusi na maneno ambayo wagonjwa wa Kitui, Kisii au Kwale huyatumia. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuipata hapo. Tatu, idara za Kiswahili zinaweza kushirikiana na shule za tiba katika vyuo vikuu vile vile kuandaa somo fupi la Kiswahili cha kumhoji mgonjwa, ambamo mifano ya saa, ya "ndiyo" na ya "chanya" itajadiliwa kabla haijamdhuru mtu. Nne, vyama vya wanafunzi vinaweza kujitolea kuandika upya vibandiko vya dawa, ili mahali pa "2x3" pasomeke: "Vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku."

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa neno hospitalini huweza kuponya au kudhuru sawa na dawa, na kwamba kundi la wahudumu huboresha huduma yake linapoyathibitisha maneno kama linavyozithibitisha dozi. Yameonyesha pia kuwa hatua zinazohitajika si za gharama kubwa: kutaja wakati bila utata, kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa neno moja, kumwita mgonjwa kwa jina, kukabidhiana zamu kwa utaratibu, na kumwomba mgonjwa aseme alichoelewa.

Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Kwa hakika, methali hiyo iliyozoeleka imejengwa kwa msamiati wa sajili ya hospitali. Mama aliyesimama kwenye dirisha la dawa saa nne asubuhi, mtoto akiwa mgongoni, hakuja kujaribiwa ufasaha wake. Amekuja kuambiwa ni lini hasa ampe mwanawe dozi ya pili, na anastahili kuondoka akiwa anajua.